Mabega ya Tolliver

Bethuel Amukoya hakuwa na shahada. Hakuwa na meza ya kuandikia. Kwa miaka minne aliandikia juu ya ubao wa kupigia pasi, akisimama, kwa sababu goti lake la kushoto lilipenda kunyooshwa. Katika goti hilo hakuwa na gegedu, kwani aliliacha kwenye uwanja wa raga kule Vihiga akiwa na miaka kumi na tisa. Hakuwa na Kiswidi cha kumkatiza msomi kauli. Hakuwa na rafiki gazetini, wala koti la sherehe, wala mtoto wa kiume, na hilo la mwisho ndugu zake walimkumbusha kwa simu kila Krismasi. Na Jumamosi ile ya Oktoba, alipoingia katika ukumbi wa maktaba moja katikati ya Stockholm, hakuwa na kiti pia.

Msichana mwenye kadi ya jina shingoni aliitazama suruali yake ya kazi, maana alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye zamu ya ghalani, akamwuliza kwa Kiingereza cha polepole kama angeweza kuleta viti kumi kutoka stoo. Bethuel akaleta. Alivibeba viwili viwili, goti likimlia kama bawaba kavu, na kila alipoweka viwili, wageni wawili walivikalia. Mwisho akasimama ukutani kando ya mkewe, Truphosa, ambaye alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwa.

Mbele ya ukumbi ilitundikwa picha kubwa ya mtu mwenye masharubu, mpira kwapani. Huyo alikuwa Daktari Hugh Pennicott, Mwingereza wa zama za Malkia Victoria, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi, aliyeichezea England raga mara tatu, kisha akatibu makuli wa bandari ya London kwa miaka thelathini. Chini ya picha kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake kofia ndogo ya mahameli, nyekundu iliyofifia, yenye kishada. Wachezaji wa taifa wa siku hizo walipewa kofia kama hiyo. Bethuel aliinama kuitazama. Msichana yule yule akaja akamwomba asiegemee kioo.

Kofia hiyo Bethuel aliwahi kuivaa. Mjukuu wa daktari, bibi mmoja kipofu aliyeitwa Alma, ndiye aliyemvika kwa mikono yake mwenyewe, akaipapasa kichwani mwake na kusema imemkaa vizuri kuliko ilivyomkaa baba yake Alma, mwana wa daktari aliyehamia Sweden.

Kisha Bravin Shitanda akapanda jukwaani. Alikuwa daktari naye, wa vitabu si wa wagonjwa, mtu wa miaka arobaini, miwani myembamba, Kiswidi kinachomtoka kama maji kwenye bomba. Aliwaeleza watu jinsi alivyochimba maisha ya Pennicott kwa miaka minne. Alifungua kitabu, akasoma pale ambapo Pennicott, katika mechi ya hospitali mbili za London, anamwangusha mpinzani hadi mtulinga unavunjika, halafu anapiga magoti kwenye matope, anaufunga mfupa kwa skafu yake mwenyewe, na mechi inaendelea. Truphosa alimtazama mumewe, akaona midomo yake inacheza. Alikuwa akiyasema yale maneno kwa Kiswahili, neno moja mbele ya Bravin, kila mara mbele yake.

Wakati wa shukrani ulipofika, Bravin alimtaja mhariri wake, Annika Wrede, akawataja maprofesa watatu na mkewe. Akamalizia hivi: "Na wazee wangu, Bethuel na Truphosa, kwa chai na mandazi yaliyoniweka hai."

Watu walicheka kwa upole, wakageuka kuwaangalia watu wa mandazi.

Truphosa alisema waondoke. Bethuel akakataa, akapanga foleni kama wengine, akanunua kitabu, akakiweka mbele ya Bravin. Bravin hakubabaika hata kidogo. Aliandika kwa kalamu nzito: Kwa mzee Bethuel, msomaji wangu wa kwanza.

---

Ndani ya treni ya kurudi kitongojini kwao Jordbro, Bethuel alikaa na kitabu mapajani kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani.

Habari yenyewe haikuwa ndefu. Truphosa alikuwa mhudumu wa wazee majumbani, na Alma wa Hagsätra, kitongoji cha Stockholm, alikuwa mmoja wa wazee wake. Bibi huyo alikuwa na bati la biskuti lililojaa barua za babu yake, za Kiingereza cha mkono, na hakuwa na macho ya kuzisoma wala mtu wa kumsomea. Alimsihi Truphosa ampelekee mumewe moja, kwani alikuwa amesikia ni mpenda vitabu. Kanuni za kazi zilikataza kutoa hata kijiko nyumbani kwa mteja. Truphosa alichukua barua moja katika mfuko wa sare, akairudisha kesho yake pamoja na karatasi ya Bethuel yenye maelezo, akamsomea bibi akimkanda miguu. Bibi akataka nyingine. Barua mia mbili na kumi na nne zilisafiri hivyo, kwenda na kurudi, na hakuna hata moja iliyopotea.

Kutokana na hizo Bethuel aliandika maisha ya daktari, kwa Kiswahili, sura kumi na nne. Na Bravin, kijana wa kwao aliyelala kwenye sofa yao miezi saba alipofika Sweden na begi moja, ndiye aliyesema, "Niachie mimi, mzee. Nitakitafsiri, nitakitafutia mchapishaji." Akapewa flashi yenye muswada wote. Februari Alma alikufa, mpwa wake wa mbali akachukua bati na kofia, na tangu mwezi huo simu ya Bravin ikawa haipokelewi. Alikuwa amesubiri bibi afe, kama fisi asubiriavyo mkono udondoke. Tofauti ni kwamba mkono huu ulidondoka.

Bethuel alipekua yaliyomo. Sura zilikuwa kumi na tatu. Akahesabu tena kwa kidole. Iliyokosekana ilikuwa ile ya kumi na mbili, ambamo Pennicott anagundua njia ya kurudisha bega lililoteguka, na mganga mkuu wake anaichapisha kwa jina lake mwenyewe. Pennicott alinyamaza maisha yake yote. Katika barua ya mwisho kwa mwanawe aliandika: "Nilinyamaza nikidhani ni uungwana. Ulikuwa woga."

"Ameikata," Bethuel alisema.

Truphosa aliuliza amekata nini, naye akamweleza.

"Basi anajua alichokifanya," Truphosa akasema. "Mtu asiyejua hakati."

---

Bravin alikuja mwenyewe kesho yake, baada ya ibada, na keki ya kununua ndani ya sanduku jeupe. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Truphosa "senje", yaani shangazi kwa lugha ya kwao, akamwuliza binti yao Bridget masomo ya uuguzi yanaendeleaje. Bridget alijibu kwa Kiswidi kwamba yanaendelea, akaingia chumbani mwake na kuacha mlango wazi.

Bethuel alikuwa amejiandaa. Tangu alfajiri alikuwa amepanga maneno yake kama mtu anavyopanga masanduku ghalani, mazito chini. Lakini Bravin alianza yeye, na alianza kwa kumsifu. Alisema bila mzee kitabu kisingekuwepo. Alisema alipigana na wachapishaji, lakini dunia ndivyo ilivyo, hawachapishi maisha ya Mwingereza yaliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu wa ghalani. Jina linahitaji mgongo wa kulibeba. Yeye aliutoa mgongo.

"Wewe uliutoa mgongo," Bethuel alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nilitoa mandazi."

Bravin akacheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha. Akasema toleo la pili angeweza kuongeza mstari wa shukrani, mzuri zaidi. Bethuel akasema hataki mstari, anataka jalada, na asipolipata atamwandikia Annika Wrede kila kitu.

Bravin alikata kipande cha keki, akakiweka kwenye kisahani mbele ya Truphosa kwa adabu sana.

"Ukimwandikia, mzee, atauliza barua zilitokaje kwa Alma. Mimi kwenye kitabu nimesema alinikaribisha, nikazisoma pale pale. Nimelifunika. Nikilifunua, zinatoka kwenye mfuko wa nani?" Hakumtazama Truphosa alipoyasema hayo. "Senje amebakiza miaka mingapi kustaafu? Minne? Huyu senje ameninawisha mikono. Mimi siwezi kumfanyia hivyo. Lakini wewe unaweza."

Alipoondoka, Truphosa aliichukua keki pamoja na sanduku lake, akaiweka kwenye pipa la taka za chakula, akafunga kifuniko. Kisha akamgeukia mumewe, na hasira yote aliyokosa kumtupia mgeni ikamwangukia yeye. Alisema miaka minne amekuwa mke wa pili katika nyumba hii, wa kwanza akiwa daktari mfu mwenye masharubu. Alisema yeye ndiye aliyebeba zile barua, yeye ndiye aliyetetemeka kila alipokutana na mkuu wake kwenye ngazi, na kwenye kitabu hayumo hata kwa uongo. Bethuel akaenda kusimama kwenye ubao wa pasi. Hapakuwa na kitu juu yake isipokuwa shati.

---

Siku tatu hawakuzungumza zaidi ya chumvi na funguo.

Jumatano Truphosa hakuwa na zamu. Bethuel aliporudi kutoka ghalani saa tisa alimkuta mezani na miwani yake, kile kitabu kikiwa wazi. Yeye ndiye aliyesoma Kiswidi vizuri zaidi nyumbani mle ukimwondoa binti. Wazee wa watu walimfundisha. Alikuwa amefika kwenye mechi ya hospitali.

"Baba Bridget," alisema bila kuinua kichwa, "huyu Tolliver ni wa ukoo wa yule mtoto wa misheni?"

"Mtoto gani?"

"Yule wa kaburini. Ezra Tolliver. Si makaburi manne nyuma ya shule yetu? Mimi nimeyafagia miaka sita, Ijumaa ilikuwa zamu yetu. Gorham, Whitlow, Pask, na kale kadogo ka pembeni, Ezra Tolliver, aliishi siku tisa. Na hapa wote wanne wanacheza raga."

Bethuel alikaa. Alikaa bila kulinyoosha goti, na hakusikia maumivu.

Orodha ya wachezaji kumi na watano ilikuwa katika barua moja tu, na unyevu ulikuwa umekula majina manne ya mwisho. Bethuel alisoma shule usiku, kwanza Kisumu, baadaye ya watu wazima huku Haninge, na katika madarasa yote mawili walimu walimfundisha jambo moja: usiache nafasi tupu, nafasi tupu ni sifuri. Basi aliijaza kwa penseli. Majina ya Waingereza aliyoyajua kwa moyo yalikuwa yale ya mawe ya misheni, ambayo kila mtoto wa kwao aliyasoma kabla ya kusoma kitabu. Alikusudia kuyafuta. Alipokuja kupiga chapa, akiwa na zamu mbili na homa, akayapiga na yale mengine. Akasahau.

Alikwenda kabatini, akatoa daftari la tatu kati ya tisa. Orodha ilikuwa pale, kwa penseli, na pembeni mkono wake ulikuwa umeandika: ya kuazima, tafuta.

"Soma anavyosema," alimwambia mkewe.

Truphosa alisoma, akitafsiri polepole. Kwenye muswada wa Bethuel palikuwa na jina tu. Bravin alikuwa amelivisha. Tolliver, fowadi wa kutisha, alikuwa na mabega mapana kama mlango wa zizi; wenzake walimwogopa hata mazoezini; baada ya mechi alikunywa bia galoni moja akaimba. Gorham alikuwa na pua iliyovunjika mara mbili.

"Gorham alikuwa mwanamke," Truphosa akasema. "Mke wa mchungaji."

Ndipo kicheko kilipomjia Bethuel, tangu chini, kicheko ambacho hakikuwa kimeonekana katika nyumba ile kwa miezi. Truphosa alijaribu kuendelea kusoma, akashindwa, akavua miwani na kujifuta. "Siku tisa," alisema. "Siku tisa, na ameshakunywa galoni." Bridget alitoka chumbani akauliza kwa Kiswidi kama kuna mtu amekufa.

Halafu kicheko kikaisha, na kila mmoja akaona kilichobaki chini yake. Bethuel aliona kwamba ili amwonyeshe Bravin kuwa mwizi, lazima ajionyeshe yeye kuwa mwongo, yeye aliyejisifu kila mahali kwamba hakuandika hata koma isiyokuwa ya kweli. Truphosa aliona mfuko wa sare yake.

"Nina jiwe la kumrushia mkononi," Bethuel alisema, "na siwezi kulirusha bila kukupiga wewe."

Truphosa alivaa tena miwani yake. Akauliza tu kama dada yake mwenyewe, Orpha, bado anaishi karibu na misheni, ingawa jibu alilijua vizuri, maana alikuwa ameongea naye Jumapili.

---

Ijumaa Truphosa alirudi kutoka kazini mapema, saa sita mchana, akiwa amevaa nguo zake za kawaida na sare ikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Alimkuta mumewe akijiandaa kwa zamu ya mchana.

Alikuwa amekwenda kwa mkuu wake asubuhi, kabla ya wateja, akafunga mlango na kusema mwenyewe: barua, bati, miaka minne, jina la bibi. Mkuu, mwanamke mdogo kuliko yeye kwa miaka ishirini, aliandika yote kwenye kompyuta bila kumtazama. Alimwuliza kama aliwahi kutoa kitu kingine. Alimwuliza kama ana pete au fedha za marehemu. Aliuliza mara mbili. Mwisho akampa onyo la maandishi, akamwondoa Hagsätra. Kuanzia Jumatatu angefanya kazi eneo jingine, kwa wazee asiowajua, na wazee wake sita wa zamani hakuruhusiwa kwenda kuwaaga.

"Pete," alisema, akikunja ule mfuko wa plastiki mara nne. "Miaka kumi na saba nimewaogesha watu hawa. Aliniuliza pete."

Bethuel alitaka kumshika mkono. Akaukuta umekunjwa ngumi.

"Sasa rusha," Truphosa akasema. "Huyo kijana alikula kwangu miezi saba, akajifuta mdomo kwa jina langu. Usimwandikie barua ya kuomba. Umenisikia? Usiandike hata tafadhali moja."

Simu ya Bethuel ililia mfukoni. Ilikuwa picha ya kwanza kutoka kwa Orpha: jiwe dogo lenye kuvu, limesuguliwa kwa brashi hadi herufi zikasomeka. Jina, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa. Kati ya tarehe hizo mbili palikuwa na siku tisa.

---

Aliandika Jumamosi na Jumapili, kwa Kiswidi, juu ya ubao wa pasi. Bridget alimsahihishia. Mara ya kwanza katika miaka mingi baba na binti walikuwa upande mmoja wa karatasi, na walibishana kila mstari. Binti alitaka kulainisha. Kila baba alipoandika ameiba, yeye alipendekeza neno la Kiswidi lenye kanske ndani yake, yaani labda.

"Hakuna labda," Bethuel alisema. "Kwani mama yako ameonywa labda?"

Bridget aliacha kalamu, akamtazama mama yake aliyekuwa akichambua maharage kwenye sinia. Kisha akajibu kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kukwaruza ambacho alikionea aibu: "Sawa, baba. Amei-ba. Tuache hivyo."

Barua ilikuwa na kurasa nne. Ilitaja madaftari tisa na tarehe za kila moja. Ilieleza sura ya kumi na mbili, ikanukuu maneno ya Pennicott kuhusu woga. Ilisema wazi kwamba barua za daktari zilitoka kwa ridhaa ya Alma, mikononi mwa Truphosa, na kwamba mwajiri wake anajua. Iliambatanishwa na picha ya ukurasa wa penseli na picha nne za mawe. Nakala ingekwenda kwa gazeti lililokiita kitabu kile utafiti wa mwaka. Na hakudai jalada. Hilo Bridget hakulielewa, akamwuliza mara tatu, kwa nini usidai jina lako? Bethuel alisema jina lake halitawekwa juu ya kitabu ambamo mtoto mchanga anakunywa bia. Alitaka kitabu kiondolewe madukani, watu waambiwe sababu.

Sentensi moja tu ilimshinda. Aliizunguka Jumapili nzima. Aliiandika Jumatatu, kabla ya zamu, peke yake, wala hakumwonyesha binti aisahihishe: Majina hayo manne niliyaweka mimi. Ni uongo wangu, na nilikuwa nao peke yangu mpaka yeye alipouiba.

Alimaliza, akakunja kurasa. Bahasha ilikuwa bado wazi wakati Bravin alipopiga simu. Bethuel aliiweka simu juu ya ubao na kuifungulia sauti, Truphosa akasogea.

Bravin alikuwa na habari njema, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya kijana wa sofani. Mchapishaji wa London alikitaka kitabu kwa Kiingereza. Walikuwa wameuliza tu kuhusu vyanzo, madaftari, mambo madogo ya ofisi. Basi alikuwa amefikiri, akaomba Mungu, akaona haki itendeke. Majina mawili kwenye jalada.

"Mawili," Bethuel alisema.

"Mawili, mzee. Langu kwanza, kwa sababu ya soko, halafu lako. Herufi zile zile, ukubwa ule ule. Unaniletea madaftari tu."

Bethuel aliliona jalada. Asingekuwa mkweli mtu ambaye angesema hakuliona: herufi zile zile, jina la baba yake likiwa kwenye dirisha la duka la vitabu London, ndugu zake wakionyeshana kwenye simu Krismasi. Alitazama bahasha. Truphosa alikuwa akimtazama yeye, wala hakutikisa kichwa.

"Bravin, mwanangu," Bethuel akasema, "kuna jambo moja nataka kulijua kabla. Yule Tolliver. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Kama angesema sijui, mzee, hilo ni jina ulilolileta wewe. Kama angesema hivyo tu, Bethuel baadaye alikiri kwa mkewe, huenda mkono wake ungelegea.

"Ah, Tolliver," Bravin akasema, na mtu aliweza kumsikia akijiegemeza kitini. "Huyo nilimfuata sana. Miezi miwili kwenye nyaraka, mzee. Mtoto wa mchinja ng'ombe. Nadhani hata picha yake niliiona, imefifia, lakini ni yeye."

"Uliiona picha."

"Niliiona."

"Na mabega."

"Mabega hasa, mzee. Mtu wa watu."

Truphosa aliziba mdomo kwa kanga.

"Ahsante," Bethuel alisema. "Jibu langu utalisikia. Limo kwenye posta." Na akakata simu, ingawa kwa wakati huo hilo lilikuwa bado si kweli.

Alirekebisha mara moja. Truphosa alimpokonya bahasha kabla hajaifikisha mdomoni, akailamba yeye mwenyewe, ukingo mzima, taratibu, akaibandika na kuipitishia kiganja mara mbili juu ya ubao kama anayenyoosha kola. Bridget akabandika stempu. Bethuel aliigeuza. Nyuma, mahali pa mtumaji, ambapo watu wengi hawaandiki kitu, aliandika majina yake matatu yote, kwa wino, herufi kubwa, yakajaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Sanduku la posta la manjano lilikuwa kando ya kituo cha treni. Walikwenda wote watatu, goti likilalamika njia nzima. Bethuel aliingiza bahasha nusu, akaishikilia kidogo, Truphosa akaipiga kwa kiganja ikaingia, wakaisikia ikianguka chini, maana sanduku lilikuwa tupu.